Kibanda cha Bata cha Baba Yako

Mwanangu Remi,

Mimi mzima, ila miguu tu. Kuku wanataga. Wewe unakula lakini?

Tangu tumzike baba yako hujaja, nikaogopa kibanda chenu cha kuvizia bata kitachukuliwa na wengine. Bwawa ni la umma, anayewahi ndiye anayekaa. Basi jana alfajiri nikapiga kasia, nikakaa humo kibandani. Akaja mwindaji mmoja na mtumbwi, akaniona, akazima tochi upesi.

"Samahani, mama, umewahi. Nasogea kule mbali nisikufukuzie bata."

"Sina hata bunduki, baba."

"Basi leo watakufa kwa kucheka!"

Akaenda zake. Ana adabu kweli, lakini nilitamani abaki. Nilikuwa nimebeba kahawa na vikombe viwili.

Njoo kabla bata hawajaondoka.

Mama yako anayekulindia nafasi,
Odile