Debe la Maji la Babu

Oldeani, Jumanne, Julai 1984

Naona hata aibu kuandika. Namwonea wivu ajuza wa miaka sabini, tena bibi yangu mwenyewe.

Tangu anipe madaftari yake ya ujana, nayasoma kidogo kidogo. Leo nimefika pale alipokuwa na mimba ya Mama: "Leo mume wangu amenichotea maji korongoni. Wanaume wa shamba la kahawa wamemcheka njia nzima. Hakulitua debe mpaka jikoni."

Mimi nina mimba ya miezi saba. Mchana nimepanda kutoka korongo hilohilo na debe kichwani, nikampita mume wangu amekaa na wenzake nje ya kilabu cha pombe. Alikunja miguu nipite.

Jioni nilipompelekea Bibi uji nikashindwa kunyamaza. "Bibi, wewe ulipendwa. Babu alikuchotea maji."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mara moja tu, mjukuu wangu. Angekuwa anachota kila siku, ningeandika ya nini?"

Nilidhani wivu ungeishia hapo. Nimerudi nyumbani, nimepekua daftari langu hili tangu mwaka tuliooana, natafuta hiyo mara moja yangu.

Sijaiona.