Reli Mbili za Getini Kwetu

Nyumba ya Geti, Kilnamoyle
Jumapili ya tatu ya Kwaresima, 1998

Mdogo wangu mpendwa Fintan,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza barua hii nikitoka Misani, sijavua hata koti, nisije nikaghairi. Kifua chako vipi? Loretta na wanao wazima? Padre alituambia huko Boston theluji imefunika magari, nikakuombea wewe unayedamka kwenda kazini. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua ninaposali rozari, lakini ninalo lingine. Huku ni mvua tu, na jogoo wa Bi Mulvey bado anawika saa anayotaka mwenyewe.

Jiwe la kumbukumbu ya Baba limefika. Owney mchonga mawe amelilaza uani kwake chini ya turubai, anasubiri maneno. Kama ulivyotaka, litasimamishwa Jumatatu ya Pasaka pale mbele ya nyumba, kando ya zile reli mbili zilizobaki ndani ya lami, pale njia ya treni ilipokatiza barabara, na wewe ndiye utakayelifunua. Parokia nzima inajua unakuja. Maneno uliyotuma niliyasoma mara nyingi: “Hapa Malachy Tiernan aliwakabili wang'oa reli, nao wakarudi nyuma.” Niliyapenda.

Sasa nikueleze habari ya picha. Lile banda la mizigo la stesheni, ambamo Gaffney alikuwa akiweka mbolea, kamati imelisafisha, na Jumatatu hiyohiyo ya Pasaka wataonyesha humo picha za njia yetu ya reli. Nyingi zilipigwa na yule Mwingereza mwembamba wa baiskeli, aliyekuwa akizipiga picha injini kama watu wanavyopiga picha za maharusi. Amefariki, na binti yake ametuletea masanduku yote. Watu walikuwa hawamshughulishi. Bwana stesheni amekatwa kichwa ili bomba la moshi la injini lionekane vizuri. Lipo tangi la maji, ambalo sasa imebaki miguu yake tu. Lipo daraja la mawe, bado halijaota mti hata mmoja. Nilizitazama bila majonzi makubwa, nikuambie kweli. Treni ilikufa, basi linapita, na anayetaka kwenda mjini anafika.

Anayezipanga picha hizo ni Cathal Gildea. Najua umekunja uso. Shuleni tulimwita mtoto wa mng'oa reli, mimi na wewe tukiwa mbele. Baba yake, Packy, alisimamia genge lililong'oa njia yote, na parokia haikumsamehe mpaka anaingia kaburini. Wakati wa kukata nyasi, majirani walisaidiana nyumba hadi nyumba, wakifika kwake wanapita. Kanisani benchi lake lilikuwa tupu kushoto na kulia. Ni Baba yetu peke yake aliyekwenda jioni kumsaidia shambani, na Mama akituambia tumtazame, Mkristo ndiye yule.

Basi juzi Cathal alikuja na picha moja ameificha ndani ya koti. Alikataa kukaa. Nikamwambia kiti hakiumi. Akasema chai amekunywa kwake. Nikamjibu kwamba chai ya kwake ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali, akacheka, akakaa. Kisha akaiweka picha mezani kifudifudi, akasema nikishaiona, nikitaka, atairudisha sandukuni na hataitaja tena maisha yake yote.

Wanaume wawili wamekaa juu ya rundo la mataruma, mitaimbo imelala magotini, wanapokezana kopo moja la chai. Nyuma yao kuna behewa lililojaa reli, na pale ilipokuwa njia ni matope matupu. Mmoja ni Packy. Wa pili ni Baba, Fintan. Anacheka, na lile pengo lake linaonekana. Nyuma ya picha Mwingereza ameandika Carrickbaun, mwezi wa Oktoba. Ni vuli ileile Baba alipotuambia anakwenda Uskochi kuchimba viazi.

Carrickbaun ni mwisho wa njia, ambako hakuna aliyetufahamu. Kazi ya kung'oa ilianzia huko. Cathal alinieleza kwamba kampuni ya reli iliahidi mfanyakazi wake atakayeingia kwenye genge hatatolewa katika nyumba yake. Packy alikuwa na shamba lake. Baba hakuwa na kitu ila nyumba hii ya mlinzi wa geti, nayo ilikuwa ya kampuni, na Mama na sisi wawili ndani yake.

Nikamuuliza, na siku ile ya uma? Wewe ulikuwa na miaka tisa, uliona kwa macho yako: genge limefika getini, Baba amesimama katikati ya barabara na uma wa nyasi, Packy akavua kofia, akageuka na watu wake, reli mbili zikabaki. Umewasimulia wanao. Cathal alijikuna shingo. Akasema mzee wake aliisimulia siku hiyo mara moja tu, akiwa mgonjwa, akicheka mpaka anakohoa, kwamba Malachy alitetemeka hata akaushika uma meno yakimtazama mwenyewe. “Walikubaliana, Dympna. Baba yako aliomba abaki na jina, kwa ajili yenu. Mzee akamwambia, haya, langu limeshaharibika, lako litunze.”

Nikamuuliza mbona alinyamaza miaka yote hiyo. “Ningeanzia wapi? Nje ya kanisa, watu wakinunua magazeti? Na wewe uliyekuwa ukinirushia matope? Tena ulikuwa na shabaha.”

Sasa nifike pale palipoifanya barua hii iwe nzito. Nimekwenda kwa Owney. Maneno yako hayatachongwa. Yatakayochongwa ni haya: “Reli hizi mbili ziliachwa hapa na Packy Gildea na Malachy Tiernan, waliofanya kazi pamoja kwenye njia hii.” Na picha nimemwambia Cathal aitundike mkabala na mlango. Sikukuuliza kwanza, kwa sababu ungekataa, nami sijawahi kukukatalia kitu.

Baba hajapungua machoni pangu. Alikuwa na nyumba ya kuokoa, na mimi ninakuandikia ndani yake. Lakini Packy alikaa peke yake kwenye benchi lile kila Jumapili mpaka alipokufa, na Baba alikuwa safu mbili nyuma yake, anasali. Hilo ndilo silali nalo vizuri.

Leo nimekaa na Cathal kwenye benchi lao. Watu waligeuka, hata Bi Mulvey aliyejifanya anatafuta miwani. Katikati ya mahubiri Cathal akaninong'oneza nisogee kidogo, kwao hawajazoea kubanana.

Njoo, Fintan. Ukikasirika, kasirika ukiwa njiani. Kitanda chako nimekitandika chumba cha upande wa reli. Kitambaa cha kufunika jiwe nimekishona mwenyewe, kina kamba mbili, moja yako na moja ya Cathal. Usipokuja atavuta yake, na jiwe litafunuka nusu.

Mbusu Loretta na watoto kwa ajili yangu, na ujifunge skafu. Bikira Maria akufunike popote ulipo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dympna