Mama, Usitume Tena Vidonge vya Magoti

Kampala, siku ya yenga, Jumapili

Mama yangu mupendwa,

Nakusalimia: wavukire. Mugongo wako unaendelea namna gani? Na shamba, baaskari bamewaacha mulime? Mimi niko muzima, na niko na furaha.

Ni juu ya kafuko. Unajua vile banganga ba hospitali balitoa utumbo wangu munene wote juu ya ugonjwa, kisha bakashona kafuko ndani na utumbo mudogo, nisibebe tena sashe ya kukusanya choo pa tumbo. Lakini kafuko kalivimba. Mara tatu dawa ilikatuliza, mara tatu uvimbe ukarudia. Munganga akasema ikiendelea vile batakatoa, na sashe itarudia, ibakie maisha yote. Nililia, mama.

Njo siku moja akaketi kuniuliza, na infirmière, muuguzi, dada mumoja wa Beni, anageuza maneno mu Kiswahili. Navuta tumbako? Hapana. Kwetu kuko mutu wa macho ya manjano, ugonjwa wa maini? Hapana. Viungo vinauma? Magoti, tangu tumbo lianze. Nameza dawa gani ingine? Nikasema hakuna.

Dada akaniangalia. "Kavira, na ile nakuonaka unatoa mu kikapo, unameza?"

"Ile haiko dawa ya tumbo. Ni ya magoti, mama ananitumiaka."

"Na utumbo wako unajuaje kama ni ya magoti?"

Ni ile diclo ya maumivu, mama, ile tunamezaka kwetu mbele ya kwenda shamba sawa bonbon, sawa pipi. Munganga akaeleza: magoti na tumbo ni ugonjwa mumoja, njo maana batu ba magoti kama yangu, kafuko kao kanavimba mbio kuliko ka bengine. Na diclo inaweza kukachokoza zaidi. Hakuahidi kitu. Aliniachisha diclo, akanipa dawa ingine.

Miezi mitatu imepita. Jana ameingiza kamera, ameangalia: kafuko kako safi. Hakuna mutu anaongea tena sashe. Magoti ingali inauma, lakini ile nitavumilia. Weye hukukosa, mama. Ni mimi njo sikusema.

Kama njia ya Kasindi, pale mpakani, inapitika, mwezi huu narudi. Salimia baba. Salimia mama mukwe wangu kule Beni. Bwana yangu Kambale achimbe choo karibu na nyumba, naenda mara sita kwa siku.

Na mutoto wangu Muhindo, mumuambie ajitayarishe. Wakati ule wa sashe sikuweza kufunga kitenge cha kumubeba. Sasa fundo litakaa pa tumbo kabisa, na yeye mugongoni, hata kama miguu yake inagusa chini.

Binti yako,
Kavira