Baba Mkwe Kwenye Kingo za Kiwira

Jumatatu, 6 Julai 1992
Ukungu, baridi ya kukata masikio. Nimefunga vyambo vya manyoya ya jogoo tangu alfajiri. Mgeni wa leo, mtalii wa kambi yetu ya uvuvi, hajui hata kutupa mshipi, anaupiga majini kama anafua. Nimemwonyesha: simama upande wa chini wa mkondo, tupa kuelekea unakotoka, acha manyoya yateremke yenyewe kama mdudu aliyeanguka. Akanasa samaki wawili, trauti wanono. Kisha akawarudisha mtoni! Hivi hawa wana akili? Wanangu wanakula ndizi kwa chumvi.

Halafu baba mkwe akatokea. Nikatimka migombani, kanga usoni, mgeni nikamwacha ameduwaa.

Jumatano, 8 Julai
Katokea tena. Makusudi kabisa. Aliwaongoza wageni kwenye mto huu tangu enzi za mkoloni, na kambi ilipofunguliwa akadhani kazi ni yake. Nikapewa mimi, maana macho yake hayaoni tena samaki chini ya maji. Anajua fika kwamba kwetu Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba wa mumewe, wala hatamki jina lake. Basi anakuja, anakohoa, mimi nakimbia. Leo mgeni alikuwa na samaki mkubwa kwenye ndoana. Hakuwa na wa kumwelekeza, mshipi ukalegea, samaki akaenda.

Bosi Sefu, ambaye wazee wake walitoka Tanga na mila zetu hazimhusu, kaniambia: "Mama Lugano, ukimkimbia mgeni tena, usirudi hapa."

Nimemweleza mume wangu. Kageukia ukutani, kalala. Mwoga.

Alhamisi, 9 Julai
Namchukia yule mzee. Basi.

Jumamosi, 11 Julai
Leo kaja na wazee wenzake wawili, waone anavyonikimbiza. Mgeni alikuwa na trauti wa nguvu. Nikawa namwambia inua fimbo ya mshipi, mwachie akimbie, usimvute, ila mshipi usilegee. Nikasikia kikohozi. Miguu ilitaka kwenda. Sikwenda. Nikavua kanga kichwani, nikageuka, nikamtazama usoni. Mara ya kwanza tangu niolewe. Nikamwita kwa jina lake, kwa sauti, wazee wakisikia.

Yeye ndiye aliyekimbia. Akateleza kwenye jiwe, akaanguka majini mpaka kifuani, kofia ikaenda na mkondo. Wenzake hawakumpa mkono, waliangalia pembeni. Akatoka kwa magoti. Mimi nikacheka. Nilicheka sana, na nilifurahi.

Samaki tulimtoa.

Jumapili, 12 Julai
Kanisani hakuna aliyekaa benchi langu. Mume kahamia kwa kaka yake. Shemeji kaja kusema nitoe ng'ombe wa kuomba radhi. Jioni karudi: mzee kakataa, hataki ng'ombe wangu. Shauri yake. Kazi ninayo.

Jumatano, 15 Julai
Jua kidogo. Bosi amenisifu mbele ya wageni.

Nikirudi, nikakutana na baba mkwe kwenye njia nyembamba ya kuelekea kwetu. Nikajitupa pembeni, kanga usoni, mwili umeshazoea. Yeye hakugeuka wala hakukohoa. Akaja mpaka karibu, akanitazama, akasema kwa upole, kama kwa mwanamke yeyote anayetoka sokoni, "Habari za kutwa, mama?"

Nikasema nzuri. Akaitikia kwa kichwa, akapita.

Mzee hamsalimii hivyo mke wa mwanawe. Hivyo husalimiwa mtu baki.