Mtego Niliouweka Nyumbani kwa Mama Aline

Jumamosi, 6 Septemba

Kipindi cha nne cha kozi ya usalama wa mitandao. Nimechelewa, nimekaa nyuma karibu na dirisha. Wanafunzi kumi na mmoja, mwenye mvi ni mimi peke yangu. Wakiniuliza umri nawaambia hizi ni mvi za Bagdad, jua la kule linachoma nywele mpaka mizizi. Wanacheka. Napenda wakicheka.

Miss Nakato kaeleza tena ngazi za vyeti. Kwanza cheti cha msingi, wiki kumi, hicho ndicho tunachosomea. Halafu cha ulinzi wa mitandao. Halafu kile cha juu kabisa, cha watu wanaolipwa kuvunja mifumo ya benki ili benki ijue inavunjika wapi. Mtaani nimeshasema nasomea kile cha juu. Na kwenye fomu ya kujiunga niliandika nimemaliza Senior Six, kidato cha mwisho. Niliishia Senior Two, na hiyo nayo sikuimaliza.

Kasema pia kabla ya mtihani atatujaribu. Siku moja atatuma ujumbe wa uongo, aone nani atanaswa. Nikamwambia mbele ya wote asipoteze muda wake kwangu.

Somo la leo tamu. Mtego wa asali. Unamwachia mwizi mlango wazi makusudi, anaingia, wewe unamtazama anachofanya. Nimeelewa papo hapo. Nikasema Bagdad tulikuwa tunafanya hivyo kila siku. Uongo. Bagdad nilikuwa mlinzi wa geti, nakagua vitambulisho vya wapishi. Basi, kwa kuwa nimeshaelewa, nikateremka kunywa chai na askari wa mlango wa chini, nikamfundisha na yeye. Niliporudi wenzangu wanafunga madaftari.

Kazi ya nyumbani: chagua mtu mmoja, kagua usalama wa simu yake, jina na namba yake uviandike kwenye fomu ya darasa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemchagua Mama Aline. Anapika ng'ambo ya geti ninalolinda hapa Mbuya, Kampala: pondu, yaani kisamvu, fufu, samaki wa chumvi. Alitoka Bukavu miaka miwili iliyopita. Hajui kusoma wala kuandika. Kwenye Watsapu anatuma sauti tu, siku nzima anaongea na simu kama anahubiri.

Simu hiyo kwake si mchezo. Binti yake, Aline, alibaki kule. Sasa yuko njiani, kwa miguu na kwa malori. Akivuka mpaka laini yake ya Kongo haifanyi kazi, atategemea intaneti ya bure atakapoipata. Walikubaliana hivi: akifika Uganda atatuma neno kwenye Watsapu ya mama yake, mama yake amwambie aje wapi.

Nikamwambia Mama Aline simu yake iko mikononi mwa mtaalamu. Geti langu lina hata kibao cha katoni: BAGDAD, USALAMA WA SIMU NA MITANDAO. Sasa, kuna namba ya siri ya pili, inazuia mtu kuhamisha akaunti yako. Miss alituonyesha inakowekwa. Nimeitafuta, sikuiona. Mama Aline kasimama hapo ananitazama. Sikutaka aone nimepotea. Nikabonyeza huku na huku, nikamrudishia, nikasema milango yote imefungwa.

Fomu nimeituma. Nimejipa alama kumi kwa kumi.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimecheka peke yangu mchana kutwa. Niandike nilivyomweza mwalimu.

Saa nne Mama Aline kavuka barabara na simu. Kuna maandishi, nimsomee. Yametoka kwa Esperansi, mwenzake wa kwaya, yule anayeuza nyanya soko la Kalerwe. Anasema ametuma namba sita kwa Mama Aline kwa bahati mbaya, arudishiwe haraka. Na kweli namba sita za kufungulia Watsapu zimeingia.

"Papa Bagdad, huyu si Esperansi," akasema. "Esperansi haandikake. Anatumaka sauti."

"Mama, tulia. Hapa nani amesoma?"



Mimi nilikuwa nimeshajua. Jumapili napeleka namba yake darasani, Jumanne ujumbe wa uongo unaingia. Nani mwingine? Ni Miss, ananijaribu kupitia kwa mteja wangu. Wale wengine wangefuta tu ujumbe. Mimi si wale wengine. Nikaamua kumwekea yeye mtego wa asali. Nimpe namba, aingie, halafu Jumamosi nisimame mbele ya darasa nieleze nilivyomfungulia mlango nikimtazama. Nikaziandika zile namba sita kwa kidole changu mwenyewe. Nikatuma.

Dakika chache, simu ikamtoa Mama Aline nje ya akaunti yake. Nikamwambia ni zoezi, jioni itarudi.

Jumatano, 10 Septemba

Haikurudi.

Asubuhi watu wa kwaya wamempigia Mama Aline kumuuliza ana shida gani, mbona anawaandikia kuomba msaada. Anawaambia hajaandika. Lini umeniona naandika, anawauliza.

Nikampigia Miss. Bado nilikuwa na kicheko mdomoni. Nikasema, Miss, nimekushika. Akasema, "Kunishika wapi, Mzee Drani?"

Hajatuma kitu. Majaribio ni wiki ya nane. Fomu zetu hajazifungua hata.

Nikamwambia nimekosea namba, nikakata simu. Kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye simu yangu.

Nilikaa kwenye kibanda cha geti. Gari mbili zilipiga honi sikuzisikia. Sikumwekea mtu mtego. Nilimpa mwizi ufunguo, na ndani ya nyumba kuna mtu analala.

Mama Aline aliniuliza. Nikamwambia mtandao unatengenezwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Ameniletea sahani ya pondu. Haichukulii malipo. Anasema mtu anayehangaika kwa ajili ya Aline hawezi kulinda na njaa.

Nimekula. Ningefanya nini?

Kauliza kama Aline akituma neno leo, litamkuta nani. Nikasema litasubiri. Sijui kama litasubiri.

Ijumaa, 12 Septemba

Mwoga. Nimelinda majengo ya watu wenye bunduki, na namwogopa mwanamke mwenye mwiko.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilimwomba Mama Aline simu yake, nikasema naipeleka kwa wakubwa wangu. Njia nzima nilikuwa naishika mfukoni kama yai.

Nilisubiri mpaka wenzangu wametoka. Nikamwambia Miss yote. Ujumbe, namba sita, mtego wa asali. Nilifikiri atacheka. Angecheka ningepona kidogo. Hakucheka. Aliuliza lini. Nikasema Jumanne. 

Kisha akaketi akafanya kazi. Akaiomba akaunti upya, namba mpya zikaja kwenye laini ya Mama Aline, akaziingiza. Mwizi akatupwa nje, hapo hapo, dakika moja. Lakini mwizi ana akili kuliko mimi. Alikuwa ameshaweka ile namba ya siri ya pili, ile niliyoshindwa kuiona Jumapili. Bila hiyo nasi hatuingii. Inabidi kungoja siku saba ndipo tufunguliwe.

Yatakayotumwa kuanzia leo yatasubiri, Miss kasema. Yaliyotumwa tangu Jumanne yamekwenda kwa mwizi.

Siku nne kalala mle. Ningesema Jumatano ingekuwa moja. Tatu nimezitoa mimi, kwa mdomo wangu uliofungwa. Mdomo ambao haujawahi kufungwa kwa lolote.

Mama Aline nimemwambia wezi walimwingilia, tumewafukuza, angoje Jumamosi. Sikusema nani aliwafungulia. Akanishika mikono yote miwili akaniombea. Kwa sauti, pale barabarani, watu wa bodaboda wakavua kofia.

Jumatatu, 15 Septemba

Pondu. Na kipande cha samaki.

Mzee wa ghorofa ya pili ya jengo ninalolinda kaniuliza, "Mtaalamu, habari za mitandao?" Nikasema nzuri.

Jumatano, 17 Septemba

Mama Aline hafungui biashara mapema siku hizi. Asubuhi anakwenda kituo cha mabasi yanayotoka Kisoro, kule mpakani. Anatazama wanaoshuka. Mmoja mmoja, mpaka dereva. Halafu anarudi kuwasha jiko.

Leo aliniuliza kama mwizi anaweza kumjibu Aline. Kumwita mahali. Aliuliza taratibu, anakoroga sufuria, hakunitazama.

Nikasema hapana, haiwezekani.

Inawezekana. Miss aliniambia inawezekana. Binti wa miaka kumi na tisa, mgeni, anaandikiwa njoo hapa, nakungoja.

Nimeng'oa kile kibao. Katoni imebaki na matundu ya misumari. Nimeikunja nikaikalia.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwambia.

Sikuchagua maneno. Alileta sahani, nikasema siwezi kula, nikasema ni mimi. Kwamba ule ujumbe ulikuwa wa mwizi, nikadhani ni wa mwalimu, nikatuma zile namba kwa kutaka kuonekana mjanja. Kwamba hata siku ya kwanza sikufunga mlango wowote. Kwamba cheti cha juu sisomei, nasomea cha chini, na hicho nacho sijakipata. Nikaongeza kwamba sikumaliza Senior Two. Hakuniuliza hilo, lakini nilikuwa nimeanza na sikuweza kusimama.

Akatua sahani chini.

"Papa Bagdad, nilikuwa nimesimama pale. Nilikuona kidole."

Nikamuuliza mbona hakusema kitu siku zote hizi.

"Nilisema. Nilikuambia huyu si Esperansi. Ukaniuliza nani amesoma."

Akavuka barabara. Sahani aliiacha. Sikuigusa.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo hakuna sahani. Nimepata nafuu kidogo.

Kituo cha mabasi nimekwenda mimi, baada ya zamu. Sina picha ya Aline. Nilitazama wasichana wote, mpaka mmoja akanitukana. Alikuwa na haki.

Jumamosi, 20 Septemba

Sikwenda darasani. Nilimpigia Miss, akasema bora nibaki, akanielekeza hatua moja moja kwa simu, nami nikaandika kila hatua mkononi kwa kalamu. Sikubonyeza kitu kabla ya kumuuliza. Mama Aline kasimama nyuma yangu. Safari hii nilimsomea kila neno lililotokea kwenye kioo, kisha nikamwachia yeye abonyeze.

Saa sita kasoro ikafunguka.

Sauti zikaanza kuingia. Za kwaya, za Esperansi mwenyewe akilia kwamba na yeye aliibiwa, za mama mmoja wa Bukavu. Halafu namba isiyojulikana, sauti saba. Mama Aline alikaa kwenye ndoo. Akakosa kubonyeza, akanitazama. Nikasema ni hapo, Mama, hapo penye alama.

Msichana. Sauti ndogo, nyuma yake watoto wanapiga kelele. Akasema:

"Mama, yule mtu aliyeniandikia niende kwenye basi la Masaka, si wewe. Nimemwambia atume sauti, akakataa. Wewe hauandikake, Mama. Niko Kisoro, kwenye kambi. Sitoki hapa mpaka nisikie unaongea."

Sauti nyingine zilikuwa hizo hizo. Kila siku moja. Ya mwisho ya jana. Kuna moja anasema hakuthubutu kupiga simu, alidhani imeporwa, alidhani mama yake amekufa. Anasema, ongea basi, Mama. Hata uniseme.

Mama Aline aliongea dakika nzima bila kupumua. Sikuelewa nusu, ilikuwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu. Mimi nilikwenda nyuma ya kibanda. Nimezika watu, sijawahi kulia vile.

Msichana hakusoma darasa lolote. Hakuwa na Miss, hakuwa na fomu. Alijua sauti ya mama yake, basi. Na mama yake alijua ya Esperansi. Katika hadithi hii nzima aliyepumbazwa ni mmoja, na ndiye aliyekuwa na kibao.

Jumatano, 24 Septemba

Aline amefika na basi la asubuhi. Mrefu, mwembamba, mkoba mmoja. Niliubeba mkoba. Nilikuwa na maneno mengi, nikasema karibu Kampala.

Mama yake kamwambia, huyu ndiye Papa Bagdad. Hakuongeza kitu. Msichana kanisalimu kwa mikono miwili. Sijui anajua kiasi gani. Kesho nitamwambia mwenyewe.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimefika wa kwanza. Nimekaa mbele.

Nikamwambia Miss kuhusu Senior Six. Akafungua faili, akatazama, akasema cheti cha msingi hakidai shule yoyote. Ile sehemu ya fomu hakuna anayeisoma. Nimedanganya bure, na kwa mwandiko mzuri.

Saa ya chai wenzangu waliteremka. Nilibaki. Nikamwomba anirudie somo la mtego wa asali, ile nusu niliyokuwa chini na askari. Hakuniuliza kwa nini. Nyumba ya mtego huwa tupu, akasema. Unaijenga mwenyewe, hamna mtu ndani, hamna kitu cha mtu ndani. Ndiyo sharti la kwanza. Nimeandika.

Tukaendelea na somo la leo. Katikati simu yangu ikatikisika. Ni Mama Aline, sauti, ya kwanza kunitumia tangu siku niliyomwambia ukweli. Nikaiweka sikioni polepole.

"Papa Bagdad, kuna maandishi yameingia hapa, na Aline amekwenda sokoni. Ukirudi unisomee. Kusoma tu. Usijibu kitu."

Nikaomba ruhusa, nikatoka kwenye korido. Ningeweza kuandika neno moja, "sawa". Nikashikilia kitufe cha sauti, nikamwambia nitakuja, ili ajue ni mimi. Kisha nikarudi kukaa.