Upana wa Kidole

Jumamosi usiku

Leo shemeji Deo, kaka wa marehemu mke wangu Rehema, alikuja tucheze mchezo wetu wa vita wa mezani, kwa vile visanamu vya askari tulivyovipaka rangi sote watatu. Wa Rehema ndio wenye kofia nyekundu. Alitumia rangi yake ya kucha.

Sheria ni kwamba askari wako hasimami karibu na adui kuliko upana wa kidole, mpaka utamke kuwa unashambulia. Deo aliwasogeza wake wakagusana na wangu.

"Shemeji, kidole kiko wapi?"

"Nashambulia, bwana! Unaogopa nini?" Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Mjomba kanituma. Kesho ukoo unakaa kuhusu nyumba hii."

Nyumba na shamba hili la Mgeta ni vya ukoo wa Rehema, na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi nilikuja kuoa tu. Wakisema niondoke, mwanangu Tumaini atabaki kwao. Bado ananiuliza usiku kama mama yake anasikia baridi huko...

Nilishindwa hata kurusha dadu. Deo alipoinuka kuondoka, nikaanza kuwakusanya askari. Akageuka mlangoni.

"Waache walivyo, shemeji. Jumatatu tunamalizia."

Nimewaacha. Sikuthubutu kumuuliza kama Jumatatu nitakuwepo.