Mfereji wa jikoni usifungwe

Rahila, hebu sikia. Nimeufunga mfereji wa jikoni uliokuwa ukidondoka, mama akapiga ukelele: "Ufungue!" Mfereji tu, Rahila!

Kumbe zamani, mwaka themanini na mbili, kule Nizwa, Omani, baba kila alasiri akenda kulala kando ya falaj, pale maji ya mashamba yanapopita. Siku moja mama akamfuata. "Harub, umeoa jini la maji?"

Baba akamjibu taratibu: "Masikio yangu yanavuma, Wadha, hayanyamazi. Maji ndiyo yanayoyafunika."

Falaj ikakaushwa ili isafishwe, baba akakosa usingizi kabisa. Mama akaufungua mfereji udondoke ndani ya beseni. Baba akasinzia papo hapo, sakafuni jikoni.

Lakini baba keshafariki, Rahila! Nikamuuliza mama, sasa wamfungulia nani?

"Sasa yanavuma yangu, mwanangu."

Nimeufungua.